Nani Anakula Betri Usiku

Jirani yangu wa ukuta mmoja alifika mahali akaacha kuzifuata waya zake za kubusti betri. Mwanzoni alikuwa akimaliza kunisaidia anazikunja vizuri, anazirudisha kwenye buti la gari lake. Baadaye akawa anazitundika getini kwangu. Mwisho akaziacha kibarazani moja kwa moja, nyekundu na nyeusi, akasema, "Jirani, nikizihitaji nitakuja kuziazima."

Ukiona mwenye mali anasema atakuja kuazima mali yake kwako, ujue umemsumbua vya kutosha.

Gari lenyewe ni Premio ya mwaka 2010, injini ya cc 1496, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, kama yalivyo magari mengi tunayoyaendesha hapa Dar. Kila nikiwasha, kuna dada wa Kijapani aliyejificha mahali chini ya dashibodi ananiambia kwa upole mkubwa, "ETC kaado ga sonyu sarete imasen." Maana yake kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kifaa cha kulipia barabara za kwao huko. Hapa Mbezi hakuna wa kumlipa, lakini dada hajakata tamaa. Namtaja kwa sababu ndiye aliyekuwa kipimo changu cha kwanza. Betri ikiwa na nguvu, anamaliza sentensi yake. Ikiwa imechoka, anaishia kwenye "kaado". Ikiwa imelala kabisa, hasemi kitu, na kinachosikika ni tk-tk-tk-tk mbele ya gari, kama mjusi kafiri ukutani.

Na ugonjwa ulikuwa na ratiba. Jumatatu. Si Jumanne wala Alhamisi. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, nimeshavaa viatu, nimeshaaga, mjusi anaanza. Shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga alisema gari limetupiwa jicho, akashauri lifukizwe ubani. Sikubisha, ubani haujawahi kuharibu gari la mtu. Ila nilijiuliza huyo mwenye jicho mbona siku nyingine za kazi anapumzika.

Betri iliyokuja na gari kutoka Japani ilikufa kwa uzee wake, hiyo siihesabu. Nahesabu zilizofuata. Fundi wa kwanza niliyempelekea alifungua boneti, akaitazama betri yangu mpya ya miezi minne, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu. "Bosi, hii walikupiga. Feki." Nikanunua nyingine, NS60 ya ampea-saa 45, laki na sitini. Ilinipa Jumatatu tano za amani. Ya sita, mjusi.

Fundi wa pili hakugusa betri. Aliniambia niwashe gari, likiwa linaunguruma akalegeza kichwa cha hasi cha betri, akakinyanyua. Injini ikakohoa, ikazima. "Umeona? Alteneta haichaji. Ingekuwa nzima, gari lisingezima." Alteneta ni ile mashine inayozungushwa na injini ili kuichaji betri. Nilivutiwa sana na ule ushahidi. Nikaenda Gerezani, ule mtaa wa vipuri vya magari hapa Dar, nikatoa laki na thelathini, nikarudi na alteneta iliyotumika, imefungwa kwenye gazeti kama nyama. Jumatatu iliyofuata nilichelewa kazini kwa saa moja na nusu.

Lile jaribio la kutoa kichwa cha betri injini ikiwaka ni la zamani, lina mashabiki wengi, na leo ningemkatalia yeyote anayetaka kulifanya kwenye gari langu. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua, mara kadhaa ya zile 14 zilizozoeleka, na kompyuta ya injini haikujengwa kuvumilia mshtuko huo. Juu ya hayo, gari la sasa linaweza kuzima hata kama alteneta ni nzima kabisa. Jaribio halali ni la nusu dakika: weka mita ya kupimia umeme kwenye vichwa viwili vya betri, washa gari, soma. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5 hivi, alteneta inafanya kazi yake. Hapo hujalegeza nati hata moja. Alteneta yangu ya mwanzo bado iko stoo kwenye kiroba, na nikipita huwa naiangalia kwa aibu kidogo.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, anasoma umeme wa magari kwenye chuo cha ufundi cha VETA. Alikuja Ijumaa moja kula, akaniona natoa kichwa cha betri kabla ya kuingia ndani. Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa nimeibuni mwenyewe.

"Shikamoo Anko. Mbona unaifungua?"

Nikamweleza yote, kuanzia feki hadi Gerezani. Akasikiliza akiwa bado kasimama na mfuko wa machungwa mkononi, kisha akauliza maswali matatu. Gari linakaa siku ngapi bila kuwashwa mpaka lishindwe? Asubuhi hiyo betri inasoma volti ngapi? Na tangu ulinunue, umeongeza kitu gani?

La kwanza nilikuwa na jibu lake. La pili nilikuwa sijawahi kupima. La tatu nilijibu haraka sana: "Hakuna, liko vilevile lilivyotoka Japani."

Akaitoa betri yote, akaiweka kibarazani juu ya kipande cha ubao, akapima. 12.5. "Iache hapa mpaka Jumatatu, Anko. Gari usilitumie." Mke wangu akapita, akaitazama, akauliza kama itahitaji na shuka.

Jumatatu alfajiri niliipima kabla sijapiga mswaki. 12.5.

Nilikaa pale kwenye ngazi na tochi ya simu nikiitazama ile namba. Betri niliyoidhania mbovu ilikuwa imelala siku tatu nje ya gari bila kupoteza kitu kinachoonekana kwenye mita. Kwa hiyo haivuji yenyewe. Kuna kinachoinywa ikiwa ndani ya gari.

Wikiendi iliyofuata tuliiacha ndani ya gari, tukawa tunapima tu. Ijumaa usiku 12.5. Jumamosi asubuhi 12.4. Jumapili asubuhi 12.1. Jumatatu 11.7, na dada wa Kijapani hakusema neno.

Kwa asiyezizoea namba hizi: betri ya gari ina seli sita, kila moja inatoa kama volti 2.1, ndiyo maana iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma 12.6 au 12.7. Ikishuka hadi 12.4 imebaki na robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Chini ya 11.8 hesabu kwamba hakuna kitu. Ukitazama kwa jicho la pesa, tofauti ya 12.6 na 11.8 inaonekana ndogo, kama chenji. Kumbe ni mshahara wote.

Na kuishusha hivyo mara kwa mara ndiko kunakoiua. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba za risasi, zimetengenezwa zitoe mamia ya ampea kwa sekunde chache kisha zichajiwe mara moja. Ukiiacha tupu, juu ya sahani zinaganda chembe za salfeti ya risasi, na kila ikilala tupu chembe zinakomaa, haziyeyuki tena kwa kuchaji. Kanuni ya betri hii aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tabia hiyo haijabadilika tangu hapo. Kwa hiyo fundi wa kwanza hakuwa mwongo kabisa aliposema betri ni mbovu. Ilikuwa mbovu, ila ilikuwa imefanywa kuwa mbovu, na mpya aliyoniuzia ilikuwa ikielekea njia ileile.

Jumamosi iliyofuata kijana alikuja na mita yake ya njano, zile za elfu kumi na tano. Hapa lazima nikiri kwamba ilikuwa mita ya pili. Katikati ya wiki nilikuwa nimejaribu peke yangu kwa mita niliyoiazima kazini. Nilifungua kichwa cha hasi, nikaiunganisha mita katikati ili umeme wote upite ndani yake, ndivyo inavyopimwa ampea. Vizuri mpaka hapo. Halafu nikataka kuhakikisha kama redio itarudi, nikageuza ufunguo. Kioo cha mita kikaonyesha sufuri na kikabaki sufuri. Nilikuwa nimechomeka waya kwenye tundu la miliampea, ambalo fyuzi yake ni ndogo kuliko hata taa moja ya breki. Kijana alipoifungua akanionyesha kifyuzi cha kioo kilichoungua, cheusi ndani. "Bahati yako hukupiga stata, Anko."

Kwa hiyo kanuni yake ilikuwa hii: waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10, na mpaka tumalize hakuna anayewasha gari, hakuna anayewasha taa kubwa. Ufunguo akaupeleka ndani, akampa mke wangu. Magari yanayotumia rimoti ya kufungua bila kubonyeza yana sababu nyingine ya kufanya hivyo, kwa sababu ufunguo ukikaa jirani gari linaendelea kuamka kuusalimia. La kwangu halina mambo hayo, ila nilielewa kwamba hakuniamini mimi.

Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona gereji yoyote. Alifungua mlango wa dereva ukabaki wazi, akachukua bisibisi, akaisukuma ile kufuli iliyo ubavuni mwa mlango, tak, tak, mpaka ikajifunga kama vile mlango umegonga. Taa ya ndani ikazima. Gari likaamini mlango umefungwa, ilhali sisi tunafika kwenye fyuzi za chini ya usukani bila kuligusa. Boneti tukaiacha juu.

Namna alivyoiunganisha mita pia ilikuwa na adabu yake. Kabla ya kutoa kichwa cha hasi, aligusisha waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri na wa pili kwenye kichwa chenyewe, akanipa nivishike, ndipo akakinyanyua kichwa taratibu. Umeme haukukatika hata sekunde, ukahama tu njia, ukapita kwenye mita. "Ukikata kabisa, kompyuta zote zinaanza upya, halafu tatizo linaweza kujificha."

Mita ikasoma 3.2. Nikaruka. Ampea tatu! "Subiri," akasema. "Gari halijalala."

Sikujua kwamba gari hulala. Ukilizima na kufunga milango, zile kompyuta ndogondogo za kufuli, taa na alamu zinaendelea kukesha kwa muda, zinazima moja moja. Kwa gari dogo ni dakika 20 hadi 40. Yapo mengine yanayochukua saa nzima. Anayepima akiwa na haraka anaona namba kubwa, anaanza kulaumu kila kitu. Tukanywa chai na vitumbua. Nilikuwa naenda kuchungulia kila baada ya dakika tano kama mtu aliyebandika maharage. 3.2 ikawa 1.1. Ikawa 0.6. Ikafika 0.41, ikakwama hapo. Dakika 50, bado 0.41.

Gari zima lililolala linatakiwa kunywa chini ya ampea 0.05. Hapo ni saa, kumbukumbu za kompyuta, na sikio la rimoti. La kwangu lilikuwa linakunywa mara nane ya hiyo.

Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha ya bili ya maji. Ijumaa saa moja jioni hadi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri: saa 58. Mara 0.41: karibu ampea-saa 24. Betri ya 45, tena iliyokwisha kudhoofishwa. Usiku wa siku ya kazi ni saa 10 tu, kama ampea-saa 4, na foleni ya kwenda Posta na kurudi inazirudisha. Hesabu ya mistari mitatu, na jicho la shangazi likawa limepata ratiba yake.

Watu wengi hapa huanza kuchomoa fyuzi moja moja huku wanatazama mita, na inafanya kazi. Shida ni kwamba ukichomoa na kurudisha, unaweza kuiamsha kompyuta iliyokuwa imelala, ukasubiri dakika 40 nyingine kwa kila fyuzi. Kijana alikuwa na njia iliyonifurahisha kuliko zote. Alirudisha kichwa cha betri kwa utaratibu uleule, akahamishia mita kwenye milivolti. Mgongoni mwa kila fyuzi ya kisasa kuna vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi. Unagusisha ncha mbili za mita hapo bila kuchomoa chochote. Fyuzi ni waya mwembamba. Umeme ukipita unaacha alama ndogo sana ya volti. Kama hakuna kinachopita, ni sufuri.

Tukaanza za chini ya usukani. Mimi nasoma jina kwenye kifuniko, yeye anagusa. 0.0. 0.0. 0.0. Mgongo ukaanza kuniuma. Tukahamia kwenye boksi la mbele, karibu na betri. 0.0. 0.0. Kisha fyuzi ya buluu ya ampea 15, imeandikwa DOME. 1.7.

Milivolti 1.7. Ukiigawa volti moja mara elfu, haifiki hata vipande viwili. Kwa fyuzi ndogo ya ampea 15, hiyo ni karibu ampea 0.38.

Nikashangilia mapema. DOME ni taa ya ndani, si ndiyo? Taa ya buti! Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ile taa ya buti haizimi nikifunga. Ni wati 5, hizo ni ampea 0.4, hesabu inalingana hata senti. Utajuaje kama taa ya buti inazima wakati ili uione lazima ufungue buti? Tulikuwa na simu. Nikawasha kamera ya video, nikailaza juu ya tairi la akiba, tukafunga buti, tukahesabu mpaka ishirini, tukafungua. Video ipo mpaka leo. Unaona uso wangu, unaona mfuniko unashuka, halafu giza. Giza tupu, na sauti zetu kwa mbali tukibishana, mimi nasema haijazima, yeye anasema subiri tuone. Kisha mwanga, na uso wangu tena, umepungukiwa furaha.

Kosa langu lilikuwa kuliamini jina la fyuzi. Njia moja ya umeme hulisha vitu vingi. Ile DOME, pamoja na taa za ndani na za buti, ndiyo inayotunza kumbukumbu ya saa na ya redio. Kijana akakaa kiti cha abiria, akanyamaza, akaweka kiganja kwenye kioo cha redio. Akakitoa. Akakirudisha.

"Anko, hebu shika hapa."

Gari lilikuwa halijawashwa tangu jana jioni. Limekaa kivulini, chini ya mwembe, saa tatu asubuhi. Dashibodi yote ilikuwa ya baridi. Redio ilikuwa na joto, joto la birika lililoondolewa mezani nusu saa iliyopita.

Tulitoa fremu ya plastiki kwa mpini wa kijiko tuliouzungushia kitambaa, isichubuke. Skrubu nne. Redio ikatoka mbele na mkia wake wa waya. Hizi redio za Android zenye kioo kikubwa zina mpangilio wa rangi unaofanana karibu zote: mweusi ni hasi; wa njano ni umeme wa kudumu, kwa ajili ya kumbukumbu tu; mwekundu unatakiwa kwenda kwenye njia inayopata umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Ndio unaoiambia redio, amka, lala. Kwenye mkia wangu, wa njano na mwekundu vilikuwa vimesokotwa pamoja, vimezungushiwa tepu nyeusi, nadhifu kabisa. Waya wa gari uliotakiwa kuupokea ule mwekundu ulikuwa unaning'inia pembeni, umefungwa tepu kichwani, hauna kazi.

Kwa hiyo redio haikuwahi kulala tangu siku ilipofungwa. Jioni nilikuwa nabonyeza kitufe, kioo kinakuwa cheusi, naondoka. Kioo tu ndicho kilichozima. Ndani mashine ilikuwa inakesha, siku 7 kwa wiki.

"Nani kakufungia hii?" kijana akauliza. "Huyu alikuvivia. Hata kutafuta waya wa ufunguo kashindwa."

Nilikuwa karibu kuungana naye kumsema fundi wa redio. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikaikumbuka siku yenyewe.

Ile betri ya kwanza, ya Japani, ilipokufa kwa uzee, aliyenibadilishia aliitoa moja kwa moja bila kushikilia umeme kwa betri nyingine. Redio iliyokuja na gari ikajifunga. Ikawa inaonyesha maandishi ya Kijapani na sehemu ya kuingiza namba za siri, ambazo mwenye gari wa kwanza huko kwao ndiye aliyezijua, kama alizijua. Wenye magari ya Japani wengi wameyapata haya. Ni ulinzi dhidi ya wezi, na kwake mimi nilikuwa mwizi. Wiki nzima niliendesha kimya, nasikiliza dada wa kadi peke yake. Mwisho wa mwezi nikaenda kufungiwa redio mpya. Na pale, nimesimama na soda mkononi, nilimwambia yule fundi kwa mdomo wangu: "Fanya niweze kusikiliza mpira hata nikiwa nimetoa ufunguo."

Alinitazama, nakumbuka. Akasema, "Itawezekana, mzee, ila uwe unakumbuka kuizima." Nikamwambia sawa. Nikawa naizima.

Kijana alicheka mpaka akakaa chini. "Na mimi nilikuuliza umeongeza nini, ukasema hakuna!" Ukweli ni kwamba sikumdanganya. Kichwani mwangu redio haikuwa nyongeza, ilikuwa kilichovunjika kikarudishwa. Lakini ukiipanga tangu mwanzo inatia huzuni: betri ilikufa kwa uzee, kuibadilisha kukafunga redio, redio mpya ikaanza kula betri, betri ikasingiziwa ufeki, alteneta ikafukuzwa kazi bila kesi.

Matengenezo yalichukua dakika 15. Tulitenganisha njano na nyekundu, tukaitafuta njia ya ufunguo kwa kitaa cha kupimia kuhakikisha inawaka ufunguo ukigeuzwa na kuzima ukitolewa, tukaunganisha nyekundu hapo, tepu mpya, kila waya na yake. Nusu saa ya kulaza gari tena. Mita: 0.03.

Tulikuwa na bahati kwamba kilichokula kilipita kwenye fyuzi. Kungekuwa na sufuri kwenye fyuzi zote na bado 0.41 kwenye betri, tungeenda kwenye alteneta. Daiodi zake, vile vijilango vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zikivuja, umeme wa betri unarudi nyuma kupitia ule waya mnene ambao fyuzi ndogo hazina habari nao. Dalili yake huonekana ukiufungua ule waya, namba ikaanguka. Baada ya hapo ningeshuku vifaa vya kufuatilia gari na alamu za kufungiwa mitaani, ambavyo huchukua umeme popote fundi alipoona waya karibu. Na wapo wanaofunga swichi ya kukata betri usiku, wanaona wamemaliza. Sina ugomvi nao, ila hiyo ni kuziba pua badala ya kutafuta panya alikofia.

Betri niliichaji taratibu kwa chaja ya ampea 4, usiku mzima, kwa sababu alteneta haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa, kazi yake ni kurudisha kidogo kilichotumika. Ilikaa saa 12 ikasoma 12.6. Haijarudi ujana wake, nadhani nitaibadilisha kabla ya wakati, lakini Jumatatu nane zimepita. Waya nilimrudishia jirani, nimezikunja vizuri.

Lililobaki ni mpira. Simba na Yanga walipokutana, umeme ulikatika mtaani nusu saa kabla ya mechi, na watu wanne wakaja kwenye gari langu kama zamani. Sasa lazima ufunguo uwe umegeuzwa, na kijana alikuwepo. Akachomeka kwenye tundu la sigara kile kimita kidogo cha kuonyesha volti, akakigeuzia kwetu. Tukawa na namba mbili za kufuatilia. Jirani, ambaye ni Yanga, alikuwa anakitazama kimita kuliko nilivyokitazama mimi. Mechi ilianza 12.5. Kila mtangazaji alipopandisha sauti, kuna mtu alinyoosha mkono kupunguza redio.

Mapumziko: 12.3. Jirani akashuka, akavuka kwenda kwake, akarudi na waya begani.